Usinoe Juu ya Jiwe Kavu

Kwako Simaloi, binti yangu,

Umeondoka na bodaboda kwenda Isinya kumuaga kokoo wako, mama yangu mzazi, na mama yako yuko kibandani anawahudumia watu wa chakula cha mchana. Nimebaki peke yangu na hii mashine ya hewa tuliyoazimwa na kanisa, inanguruma kando ya kiti changu. Nimechukua karatasi kwa sababu mdomo umenikataa. Unajua mambo yalivyo siku hizi. Nikianza kusema, pumzi inaisha kabla sentensi haijafika mwisho, wewe unakimbia kuniletea maji, na kile nilichotaka kusema kinapotea. Kalamu haihitaji pumzi. Nikichoka nitaiweka chini, nikipata nafuu nitaendelea.

Mambo ya safari yako ya kesho kwenda Doha sitayagusa. Mama yako ameshakuonyesha mahali pa kuficha pasipoti, mchungaji amekuombea, na shangazi zako wamekushauri kuhusu wanaume wa Doha kwa kirefu kuliko nilivyopenda kusikia. Mimi nitakuambia habari za mawe. Unaenda kufanya kazi jikoni, utashika kisu kuanzia asubuhi mpaka jioni, na mawe ya kunolea ndicho kitu pekee ninachokijua vizuri. Lakini siwezi kukueleza mawe bila kukueleza yaliyonipata, kwa hivyo vumilia.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni wakati ukame ulipomaliza ng'ombe wetu. Niliwaswaga kuelekea upande wa Namanga nikitafuta nyasi, tukakuta nyasi zimeisha kabla yetu. Wakaanza kulala chini mmoja mmoja. Ng'ombe akishalala kwa kiu unaweza kumvuta mkia, unaweza kumpiga, unaweza kumbembeleza kama mtoto, haamki. Kuna mmoja mwekundu ambaye nilimpa maji yangu ya kunywa kwenye kofia. Aliyaramba, akaniangalia, halafu akafa tu. Nilirudi nyumbani na fimbo mkononi. Mama yako aliangalia nyuma yangu, akaona barabara tupu, akaingia ndani kupika chai. Hajaniuliza kitu mpaka leo.

Ndipo tukaja Kitengela, na mimi nikaenda kutafuta kibarua kwenye machimbo ya mawe. Nilikuwa mwanamume aliyezoea kutembea na mifugo yake, watu wakimsalimia kwa jina la baba yake, na sasa nilikuwa nikipakia lori mawe ya kujengea nyumba za watu wengine. Nilikuwa naona aibu hata kuvuka barabara.

Aliyenipokea pale ni Kioko. Unamkumbuka, yule Mkamba mfupi mwenye sauti kubwa aliyekuwa akikuletea miwa. Kioko alikuwa ameona kitu ambacho wengine hawakukiona. Chini kabisa ya shimo, chini ya mawe ya kujengea, kulikuwa na tabaka jembamba la jiwe laini, la rangi ya majivu, ambalo wenye mashine walikuwa wakilitupa. Yeye alikuwa akiliokota, analikata vipande vya ukubwa wa kiganja, analainisha uso, na kuwauzia wenye bucha na akina mama wa vibanda kama jiwe la kunolea visu. Akaniambia nije nimsaidie jioni baada ya kazi ya lori.

Jiwe la kwanza nililochagua kwa mkono wangu nilimletea mama yako. Ulikuwa unaanza kutembea. Lilikuwa jeusi, linang'aa, laini kama kioo, nikaona hakuna jiwe lililowahi kuwa zuri hivyo. Mama yako alinolea kisu juu yake kila asubuhi, na kisu hakikupata makali, lakini hakusema kwa sababu mimi ndiye niliyelileta. Alikuwa akiongeza nguvu tu. Siku moja akikata matumbo, kisu kikateleza kwa sababu ya ubutu, kikaingia kwenye kidole chake cha shahada. Kile kidole kisichokunjika vizuri, ambacho huwa unamtania nacho, hiyo ndiyo sababu yake.

Kioko alipouliza kisu kilinolewa na jiwe gani, nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe Mmaasai," akaniambia, "umechagua hii jiwe vile watu wenu huchagua ng'ombe. Rangi na ngozi."

Sikucheka. Wakati huo neno ng'ombe lilikuwa bado linaniuma. Lakini kuanzia siku hiyo alinifundisha, na hicho alichonifundisha ndicho nataka uende nacho.

Jiwe linalong'aa liache. Chembe zake zimeshikana sana, kisu kinateleza juu yake na hakuna kinachotokea. Jiwe la kunolea linatakiwa likubali kulika kidogo, chembe zilizochakaa zitoke, nyingine mpya zijitokeze. Likwaruze kwa ukucha. Likitoa unga kama chaki ni laini mno, litakuwa na shimo katikati kabla ya mwezi kuisha. Lisipotoa kitu kabisa, ni gumu mno. Unataka lile ambalo ukucha unaliacha na alama hafifu, unaipangusa na kidole inaondoka.

Kisha lidondoshee tone la maji. Tone likikaa juu kama lilivyo, weka jiwe chini. Likizama papo hapo kama kwenye mchanga, jiwe lina matundu makubwa na litakula kisu chako. Zuri ni lile linalokunywa polepole. Halafu ligeuze kwenye jua ukitafuta vijipande vinavyometameta. Kimoja tu kinatosha kuchora mstari kwenye ubapa wa kisu na kung'oa makali uliyoyatafuta kwa saa nzima. Na liangalie kama limenyooka. Laza mgongo wa kisu juu yake, viinue vyote usawa wa macho kuelekea mwanga, na ukiona mwanga unapita katikati, jua mtu mwingine ameshalichosha.

Huko utakuta mawe ya dukani, yenye pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini. Ni mazuri, usiyadharau kwa sababu hayakutoka chini ya shimo letu. Yaangalie pale pande mbili zinapokutana. Ukiona ufa hapo, gundi imeachia, na jiwe litavunjika ukiwa umelikandamiza. Anza na upande wa kukwaruza ikiwa kisu kimekufa kabisa, ila ikiwa kimechoka tu, nenda moja kwa moja kwenye upande laini. Wapishi wengi humaliza visu kwa kukwaruza kila siku bila haja. Lile tope linalotokea usilioshe, ndilo linalofanya kazi. Na makali usiyajaribu kwenye kidole, jaribu kwenye ganda la nyanya.

Haya yote unayajua. Ulikuwa ukiyafanya kabla hujajua kuandika jina lako. Nayaandika kwa sababu ninapoyaandika sifikirii mengine.

Lakini lazima nifike kwenye maji.

Jiwe lazima liwe limelowa. Liloweke mpaka mapovu yaishe kutoka, na ukinoa endelea kulinyunyizia. Huko watakuambia ni kwa ajili ya makali, na ni kweli. Mimi nakuambia ni kwa ajili ya kifua. Jiwe likilowa, vumbi linakuwa tope na linabaki pale pale. Jiwe likiwa kavu, vumbi linatafuta mahali pa kwenda.

Kioko na mimi tulikuwa tukikata mawe makavu. Tulikuwa na grinda ya umeme, na kila jioni ilipowaka, wingu jeupe lilikuwa likitufunika hata mtu wa barabarani asijue nani ni nani. Kulikuwa na mama mmoja mwenye kibanda cha mboga pale karibu ambaye hakuchoka kutuambia tufunge leso mdomoni na tumwage maji kwenye jiwe. Tulikuwa na sababu zetu. Tuliogopa maji yasiingie kwenye grinda tukapigwa na umeme. Wanunuzi nao walitaka jiwe kavu, jeupe, lililoonekana jipya. Hizo ndizo sababu nilizokuwa nikimwambia yule mama.

Sababu yenyewe sikumwambia. Kitengela hii ya wakati ule maji yalikuwa yakija na mkokoteni, na mama yako alikuwa akiyapima kwa kikombe. Mimi niliyeona wanyama wangu wakifa kwa kiu, nimwage maji juu ya jiwe? Mkono ulikuwa unakataa. Nilijaribu mara moja. Niliinua mtungi, nikaona yule ng'ombe mwekundu akiramba kofia, nikaurudisha mtungi chini. Nilidhani ninatunza kitu. Kumbe nilikuwa nachagua kumeza vumbi.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo ni gumu zaidi kwa mwanamume kusema. Niliipenda ile kazi. Mwenye bucha wa Nkoroi alikuwa akituma mtu mpaka Kitengela kutafuta mawe yangu kwa jina. Akina mama wa kando ya barabara ya Namanga walikuwa wakiniita fundi. Tangu ng'ombe wafe hakuna aliyekuwa ameniita kitu chochote. Kwa hivyo Kioko alipoanza kukohoa, sikuacha. Kioko mwenyewe hakuacha. Tulisema ni baridi ya asubuhi. Akapewa dawa za TB, akazimaliza, hazikumsaidia. Ulikuwa sekondari tulipomzika. Mtu aliyekuwa na sauti iliyofika upande wa pili wa machimbo, mwishoni alikuwa akiniita kwa kugonga kikombe na kijiko. Nilirudi kutoka mazishini, na kesho yake nikawasha grinda.

Sina maelezo, mwanangu. Nimeyatafuta sana nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki, na sina.

Yangu yalipoanza nilijua ni nini. Daktari alikuwa msichana mwenye umri wa karibu na wako. Aliangalia picha ya kifua, akaniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akaniuliza kama tulikuwa tukikata na maji au kavu. Nikasema kavu. Akaweka kalamu chini, akanieleza kwa upole kwamba mapafu yamefanya makovu, na kovu halirudi kuwa nyama. Mama yako akamuuliza dawa ya kuondoa makovu iko wapi, hata kama ni mbali. Akauliza tena njiani, akiniuliza mimi. Na usiku anapodhani nimelala, namsikia bado anamuuliza Mungu.

Sasa nisikilize.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukija kukaa kando yangu ninapokata. Mama yako alikuwa kibandani na hapakuwa na mtu wa kukuangalia. Ulikuwa na kazi yako uliyojipa mwenyewe. Nikimaliza jiwe nilikuwa nakupa, wewe unalishika kwa mikono miwili, unalisogeza karibu na mdomo na kulipuliza vumbi mpaka linakuwa safi. Kisha unavuta pumzi na kulipuliza tena. Ulikuwa unarudi nyumbani na nyusi nyeupe kama za kokoo wako, na sisi wote tunacheka. Mimi ndiye niliyekuwa nakupa. Nilikuwa nakupa moja baada ya jingine.

Tangu siku ile kwa daktari sijawahi kukusikia ukikohoa bila kushika mkono wa kiti. Ukipata mafua, silali. Nilikuwa nakuangalia ukipanda ngazi za nyumba ya jirani, nione kama utasimama kupumua. Sikumwambia mama yako. Aliyekuwa amebeba mume asingeweza kubeba na mtoto.

Ndiyo maana ulipokuja na habari ya kazi ya Doha nilikuambia ukubali mara moja. Ulishangaa, na shangazi zako walisema nakutupa. Sikuwa nafikiria Doha. Nilikuwa nafikiria kwamba watakupima kifua kabla ya kukuruhusu kusafiri. Sikuwa na ujasiri wa kukupeleka mwenyewe nikasimama pale wakati daktari anainua picha kwenye mwanga.

Siku uliyoleta majibu ulikuja ukikimbia kutoka stejini. Ulisema, "Papa, kifua changu ni safi, wamepitisha kila kitu." Nikalia mbele yako, na ukadhani nalia kwa sababu umepata kazi. Ukanikumbatia ukaniambia nisilie, utanitumia picha kila siku. Sikuweza kukusahihisha. Kifua chako ni safi. Niliomba uniachie ile karatasi ya hospitali nikaishika mpaka ikapata jasho. Daktari anasema mambo haya wakati mwingine hukawia, kwa hivyo nakuomba hili moja tu kama baba. Kila mwaka, popote utakapokuwa, pigwa picha ya kifua. Usiogope, na usingoje kikohozi.

Halafu ikaja juzi. Stima ilipotea tukiwa tunakula, mashine ikanyamaza, na ukaniona nilivyo bila hiyo mashine. Mpaka juzi tulikuwa tumefaulu kukuficha. Ulikuwa ukinipepea kwa kifuniko cha sufuria na mama yako amekimbia kwa jirani mwenye jenereta. Nilikuwa nakuona midomo ikisogea lakini sikusikia ulichokuwa unasema. Stima iliporudi, ulienda chumbani ukaanza kutoa nguo kwenye begi na kuzirudisha kabatini.

Nilikuuliza unafanya nini. Ukasema huendi. Nikakuambia kukaa hapa kuniangalia nikishindwa kupumua si kazi ya msichana wa umri wako. Mama yako alikuwa ametupa mgongo, anaosha sahani ambayo ilikuwa safi tayari. Nilijua alikuwa ameomba useme hivyo, na wakati huo huo alikuwa ameogopa usije ukasema.

Kisha ukanitazama ukasema, "Papa, na nikirudi nisikukute?"

Nilitaka kukujibu. Nilifungua mdomo, pumzi haikuwepo, nikageukia ukutani. Ulidhani nimekasirika. Ulirudisha nguo kwenye begi, na tangu hapo tunaongea habari za sabuni na soksi.

Jibu ni hili. Hutanikuta. Mkataba wako ni mrefu kuliko pumzi niliyonayo, na wewe uliona juzi. Watanizika Isinya, karibu na boma la kokoo wako. Nimeshazungumza na mama yako, na ndugu zangu wameelewa. Hawatakungoja, na hakuna atakayekuhesabia kosa. Ukipata simu hiyo, usivunje mkataba ili uje usimame kando ya udongo. Kaa chini, lia, mpigie mama yako kila siku, yeye ndiye atakayekuhitaji. Usiruhusu akuambie kwamba yuko sawa.

Na usije ukasema kwamba uliniacha. Nimekufikiria ukisema hivyo, ukiwa jikoni kwa watu, umeinama juu ya kisu cha mtu mwingine, na hiyo inanibana kifua kuliko vumbi.

Nilikuwa nimepanga kumalizia hapo. Nimesikia bodaboda ikipunguza mwendo, nikadhani ni wewe, nikataka kuficha karatasi. Alikuwa mtu wa jirani. Lakini jinsi moyo ulivyoruka imenionyesha kwamba barua hii bado haijasema kweli.

Sitaki uende. Nimezunguka kurasa zote hizi, mara jiwe, mara maji, mara Kioko, kwa sababu sikuthubutu kuandika maneno hayo. Sitaki uende, Simaloi. Nataka ukae kwenye ile stuli uliyokalia jana, unimenyee chungwa, unilaumu kwa kuacha dirisha wazi. Naogopa kufa, na naogopa zaidi nikiwaza kwamba hutakuwepo. Kama juzi ningekuwa na pumzi, ningekuambia ubaki, na ungebaki, na mimi ningefurahi siku hiyo moja. Nashukuru pumzi ilikatika.

Kesho asubuhi gari la uwanja wa ndege litakapofika nitainua mkono nikuambie nenda. Nitakuwa nasema kutoka moyoni. Na hili pia nimelisema kutoka moyoni. Yachukue yote mawili, usichague moja.

Ni mimi, ninayekupenda na nisiyejua kukuachilia,

Papa